Tinti ya gari: inadumu miaka mingapi, na namna ya kuitunza isife mapema

Wateja wengi wakileta gari, swali la kwanza ni tinti, yaani karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye vioo, iwe nyeusi kiasi gani. La umri wake huja baadaye, vioo vikishageuka zambarau. Naomba uanze na hilo la pili, maana weusi wa tinti hauonyeshi uimara wake, wala joto inalozuia. Tinti ya seramiki (yenye chembechembe za kauri ndani yake) iliyo angavu inaweza kuzuia joto kuliko karatasi nyeusi tii ya bei rahisi.

Hatua ya 1: Hakikisha unayo tinti kweli

Magari mengi yanayotoka Japani, kama Noah na Alphard, huja na vioo vya nyuma vyeusi tangu kiwandani. Rangi ile imo ndani ya kioo chenyewe, haibanduki. Shusha kioo cha mlango kidogo, utazame ukingo wake wa juu kwa karibu. Ukiona utando mwembamba unaoishia milimita moja au mbili kabla ya ukingo, hiyo ni karatasi ya tinti.

Hatua ya 2: Uliza aina, usiulize weusi peke yake

Karatasi zote ni plastiki ya poliesta yenye gundi upande mmoja. Tofauti ni kilichomo ndani. Ya rangi ndiyo rahisi kuliko zote, na jua huila: gari likishinda juani kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, miaka miwili mitatu inatosha kuipausha. Ya metali hudumu zaidi, ila inaweza kusumbua mawimbi ya simu, redio na GPS. Ya kaboni hufika miaka 5 hadi 10, na seramiki nzuri hupita 10. Mwambie fundi akuonyeshe boksi la roli na akupe waranti ya maandishi. Akisita, nenda kwa mwingine.

Hatua ya 3: Linda siku za mwanzo

Tinti hubandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo, na hata fundi akikamua vipi, mengine hubaki chini ya karatasi. Yanahitaji muda yakauke ndipo gundi ishike. Usishushe vioo kwa siku 3 hadi 5. Msimu wa masika, fanya wiki nzima. Mimi hubandika selotepu ya karatasi juu ya swichi za vioo, kwa sababu watoto hawajui habari za gundi.

Utaona ukungu na vijipovu vya maji. Usivibonyeze kwa kucha wala kadi, vitatoweka vyenyewe ndani ya wiki chache. Kuosha nje ruksa. Ndani, subiri mwezi.

Hatua ya 4: Safisha kwa upole

Hapa ndipo tinti nyingi zinapofia. Karatasi iko upande wa ndani wa kioo, na anayeosha gari mara nyingi huingia na dodoki lilelile alilosugulia rimu, lenye mchanga. Mpe kitambaa chako.

Kaa mbali na dawa ya vioo yenye amonia, ile ambayo harufu yake inakupanda puani. Inadhoofisha gundi na kuharibu rangi. Tumia maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto. Nyunyizia kitambaa laini cha maikrofaiba, si kioo, ili maji yasijipenyeze kwenye kingo. Futa toka juu kwenda chini bila kukandamiza, kisha kausha kwa kitambaa cha pili. Stika usibandike juu ya tinti. Siku ya kuitoa itaondoka na karatasi.

Hatua ya 5: Safisha mpira wa kioo

Ukiona mikwaruzo iliyonyooka wima, usimlaumu mtu. Ni vumbi lililojificha kwenye mpira wa chini wa dirisha, na kila kioo kinaposhuka, mchanga unachora. Ukitoka safari ya barabara ya vumbi, pitisha brashi laini hapo, kisha kitambaa chenye unyevu, kabla ya kushusha kioo.

Hatua ya 6: Soma dalili

Zambarau maana yake rangi imekufa, na usiku utaona nje kwa shida. Malengelenge yanayotokea baada ya miezi mingi ni gundi iliyoachia. Kuyatoboa kwa sindano hakusaidii kitu, karatasi ibadilishwe. Kona iliyoanza kunyanyuka iwahi kwa fundi kabla vumbi halijaingia.

Hatua ya 7: Kubandua

Vioo vya milangoni havina shida kubwa. Cha nyuma ndicho cha kuangalia: kina mistari myembamba ya umeme inayoondoa ukungu, na wembe ukipita hapo unaikata. Fundi atumie mvuke au hewa ya moto mpaka gundi ilainike, avute polepole kuanzia kona, na gundi iliyobaki ailoweshe kwa maji ya moto ya sabuni. Kabla hujalipa, pulizia kioo pumzi kipate ukungu, washa swichi yake, na utazame kama ukungu unafutika kufuata kila mstari.