Kuiandaa kaya yako kwa mlipuko wa Nyiragongo, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kaya zinazoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo: za mji wa Goma na za vijiji vya teritware ya Nyiragongo, kuanzia Munigi na Buhene hadi Kibati, Mudja na Rusayo. Lava ya Nyiragongo imewafikia watu mara tatu ndani ya kumbukumbu ya wazee wetu: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Katika mafunzo ninayotoa kwa kaya, karibu kila mtu huanza kwa kuuliza afungashe nini. Mimi huanza na swali la nani atakuwa na nani, na ndiyo sababu hatua ya tatu hapa ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: tambua mahali nyumba yako ilipo kwenye mkondo wa lava

Lava ya mlima wetu ina silika kidogo, kwa hiyo si nzito, na hushuka kwa kufuata mabonde kama maji ya mvua kubwa. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na kwenye miteremko ya juu mwendo wake ulikadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2002, ilipofika mjini ambako ardhi haina mteremko mkali, mtu mzima aliweza kuiepuka kwa miguu. Mkazi wa Kibati, kwenye mteremko wa mlima, na mkazi wa Katindo, mtaa wa mjini Goma, basi, hawana muda sawa, na hawapaswi kuwa na mpango mmoja.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni kwamba lava hailazimiki kutoka kileleni. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka ubavuni mwa mlima upande wa kusini, zikashuka hadi karibu na Munigi, mlangoni pa mji.

Chukua daftari la shule, tembea na mzee aliyeishi hapo muda mrefu, na mwombe akuonyeshe lava ilipopita. Chora nyumba yako, mabonde yaliyo karibu, shule, soko na njia ya kwenda ziwa Kivu. Usidanganyike na wanaosema kwamba palipofunikwa na lava ya zamani ni salama kwa kuwa pamekwisha kupita zamu yake. Mawe hayo ni ushahidi kwamba mkondo unapajua mahali hapo. Weka alama pia kwenye mashimo na mabonde yenye mazuku, yaani hewa ya sumu isiyoonekana, kwa sababu tutayarudia.

Hatua ya pili: chagua njia mbili za kutembea kwa miguu

Lava hushuka kuelekea ziwani. Anayekimbia mbele yake akishuka nayo anashindana nayo. Anayeiacha kwa kwenda pembeni, kuelekea mahali palipoinuka, anaipisha. Kwa hiyo chagua njia moja ya upande wa magharibi na nyingine ya upande wa mashariki wa nyumba yako, usiku ule uifuate ile isiyokatwa. Mwaka 2021 lava iliikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru, na watu waliokuwa wameitegemea barabara hiyo peke yake walikwama. Barabara zetu huweza kufungwa pia kwa sababu zisizohusu volkano, jambo ambalo hakuna mkazi wa Goma anayehitaji kuelezwa. Magari na pikipiki usivihesabu, kwa sababu msongamano huanza mara moja. Mitumbwi na meli za kwenda Minova na Bukavu zilisaidia wengi, lakini chombo kilichojaa kupita kiasi usikipande.

Hatua ya tatu: panga namna ya kutengana na namna ya kukutana

Mlipuko wa mwaka 2021 ulianza jioni ya Jumamosi, saa ambayo baba yuko kwa rafiki, mama yuko sokoni au kwenye kikundi, na watoto wamesambaa kwa majirani. Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao. Wengi hawakupotezwa na lava. Walipotelea katika umati uliokuwa ukielekea Sake, magharibi mwa Goma, na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Kaya isiyopanga kutengana hupoteza saa za kwanza ikitafutana, na saa hizo ndizo zilizo chache.

Kaeni jioni moja, watoto wakiwemo, na muamue mambo yafuatayo kwa sauti. Kwanza, nani anamchukua nani. Kila mtoto mdogo apewe mtu mzima mmoja kwa jina, na mtu wa pili iwapo wa kwanza hayupo. Dada mkubwa wa miaka 14 asikabidhiwe watoto watatu. Hana mikono mitatu. Mtu mzima aliyeko mbali asirudi nyumbani kupingana na mkondo wa watu, bali aende moja kwa moja mahali pa kukutania, akiamini kwamba aliyepangiwa watoto anao. Kuaminiana huku ni kugumu kwa mzazi, na ndiyo maana kunahitaji kusemwa mapema, si usiku wenyewe.

Pili, chagueni mahali pawili pa kukutania. Pa kwanza pawe karibu, mahali ambapo hata mtoto anaweza kupafika, kama kanisa au uwanja wa shule ulio nje ya bonde. Pa pili pawe mbali, katika mji mtakaokimbilia, na mpataje waziwazi: "mbele ya parokia ya Sake" ni bora kuliko "Sake". Tatu, chagueni ndugu mmoja anayeishi nje ya Goma, Bukavu au Butembo kwa mfano, awe msikilizaji wa wote. Mtandao wa simu huelemewa, lakini ujumbe mfupi wa maandishi hupenya pale simu ya sauti inaposhindwa; kila mmoja amwandikie huyo ndugu mahali alipo, badala ya kila mmoja kuwapigia wote.

Mtoto anayejua kusema akariri jina lake kamili, majina ya wazazi, avenyu yao na namba ya ndugu huyo. Watoto wengi wanamjua mama yao kwa jina la "mama" tu, au "Mama Furaha", na jina hilo halimsaidii mtu wa Msalaba Mwekundu anayeandika orodha. Kwa mtoto mchanga asiyesema, andika maelezo hayo kwenye kitambaa na ukishone ndani ya nguo.

Mwisho, hesabu wale wasioweza kutembea. Bibi asiyeona au jirani mlemavu ahusishwe na vijana wawili wanaojulikana kwa shefu wa avenyu au kwa kiongozi wa nyumba kumi, na ijulikane chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) ya nani itatumika.

Hatua ya nne: fungasha mkoba unaobebeka

Jiulize kama unaweza kutembea nao kilomita zaidi ya 20, ambao ndio umbali wa kutoka Goma hadi Sake. Weka kadi za uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za kiwanja ndani ya plastiki. Dawa za kila siku za wagonjwa. Tochi, redio ndogo na betri. Nguo ya baridi, bidoni (dumu) dogo la maji, chakula kisichohitaji moto, na pesa kidogo zenye noti ndogo. Viatu vikae kando ya kitanda, si mkobani. Godoro liache.

Hatua ya tano: amua mapema ni ishara gani itakuondoa

Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, hutumia rangi nne: kijani, manjano, rangi ya chungwa na nyekundu. Zifuate kupitia redio. Hata hivyo mwaka 2021 wengi walipata habari kwa kuona anga limekuwa jekundu, bila tangazo lolote kabla. Kwa hiyo kaya iwe na kanuni yake: walio kwenye mteremko waondoke wanapoona lava au mwanga unaoshuka, bila kungoja uthibitisho. Zima jiko la makala (mkaa), funga mlango, ondoka.

Kuondoka kunaweza pia kuamriwa baada ya lava kusimama. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama kwa hofu ya magma, mawe yaliyoyeyuka, iliyokuwa chini ya mji na ziwa, na watu wapatao 400,000 wakahama. Mkoba usiufungue kwa sababu tu usiku umepita.

Hatua ya sita: jilinde siku zinazofuata

Usivuke lava iliyokauka juu. Mwaka 2021 watu walikufa kwa kukosa hewa walipojaribu kuivuka ikiwa bado inatoa gesi. Usikaribie vituo vya mafuta vilivyofikiwa na moto. Mwaka 2002 makumi ya watu walifia kwenye mlipuko wa kituo walikokwenda kuchota mafuta. Matetemeko yakiendelea, usilale ndani ya nyumba ya matofali yenye nyufa mpya. Nyumba ya mbao hustahimili vizuri zaidi.

Mazuku ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida. Hujikusanya mabondeni, hasa alfajiri pasipo upepo, na haionekani. Usipige kambi wala kulaza watoto shimoni. Ukiona ndege au mijusi imekufa mahali pa chini, panda juu. Mtu akianguka humo, usimfuate kwa kushuka. Aliyemfuata huanguka pia.

Maji ya mvua ya bati ndiyo tegemeo la vijiji vingi vyetu, lakini moshi wa volkano huyafanya yawe na asidi na floridi. Majivu yakianguka, ondoa mfereji unaopeleka maji kwenye tangi, funika tangi, na acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kuurudisha. Maji ya ziwa yatibiwe kwa klorini kwa sababu ya kipindupindu: kidonge cha miligramu 67 kwa bidoni la lita 20 za maji maangavu, kisha subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Klorini haiondoi floridi, kwa hiyo bidoni la maji ya ziwa na la maji ya mvua yenye majivu yasichanganywe.

Fanyeni zoezi la hatua ya tatu jioni, giza likiwa limeingia, kila mtu akianzia alipo kweli saa hiyo, na rudieni kila mwaka wa shule unapoanza Septemba, kwa sababu watoto hubadilisha shule na namba za simu hubadilika.