Kutafuta dhahabu jangwani Arizona: siku moja, watu wawili, bila mto

Magharibi mwa Arizona, Marekani, kuzunguka Quartzsite na machimbo ya zamani ya La Paz, dhahabu ya mchangani inajulikana tangu mwaka 1862. Maji ya kuoshea hayapo, kwa hiyo udongo hupepetwa kwa hewa. Mwongozo huu ni wa marafiki wawili wanaokwenda kutafuta kwa kujifurahisha, asubuhi hadi jioni.

Kabla ya kutoka nyumbani

Nendeni kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto linaua, na kuanzia Julai hadi Septemba kuna mvua za radi: korongo kavu linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, hata kama mlipo hamjaona tone.

Uhalali wa eneo ndio unaowakwamisha wengi. Sehemu kubwa ya jangwa hilo ni ardhi ya serikali kuu inayosimamiwa na BLM (idara ya serikali kuu ya usimamizi wa ardhi), na mahali palipo wazi, mtu anayetumia zana za mkono tu kwa kawaida hahitaji kibali. Lakini sheria ya madini ya 1872 inaruhusu mtu kujiwekea kitalu, yaani eneo ambalo madini yake ni haki yake, hadi ekari 20 kwa mtu mmoja kwa dhahabu ya mchangani, na kuchukua dhahabu ya humo bila ruhusa yake ni wizi. Angalieni kumbukumbu za BLM mtandaoni, kisha za ofisi ya kaunti, kisha mkifika tafuteni nguzo au marundo ya mawe kwenye pembe. Fanyeni yote matatu, maana mwenye kitalu kipya ana siku 90 za kukisajili BLM, na katika siku hizo ramani inaweza kuonyesha kwamba eneo liko wazi. Ardhi ya jimbo inataka kibali chake. Kwa wanaoanza, njia rahisi ni kujiunga na klabu ya watafutaji yenye vitalu vyake.

Bebeni lita 8 za maji ya kunywa kwa kila mtu na lita 20 za kuoshea. Simu hazishiki mtandao sehemu nyingi, hivyo mwachieni mtu wa nyumbani jina la mahali na saa ya kurudi.

Vifaa: mashine ya kupepetea yenye mivukuto ya mkono, ndoo nne za lita 20, sururu, sepetu, mtaimbo, bisibisi bapa na ndoano ya chuma ya kukwangulia nyufa, brashi, karai la plastiki la sentimita 35, beseni, sumaku, kichupa cha kuhifadhia, na barakoa za N95. Barakoa msizidharau. Vumbi la Arizona lina kuvu wanaosababisha homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu unaoweza kumlaza mtu kwa wiki nyingi.

Mahali pa kuchimba

Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, mawe ya kwazi mara 2.65 tu. Mafuriko yakisukuma mchanga, dhahabu huzama na kukwama pale maji yanapopungua nguvu: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa, korongo linapopanuka ghafla, na kwenye nyufa zinazokatiza mkondo. Inashuka hadi ikutane na kitu kigumu. Mara nyingi kitu hicho ni mwamba, lakini jangwani kuna pia kaliche, tabaka la chokaa lililoganda kama saruji. Dhahabu hukaa juu yake au ndani ya sentimita chache za mwanzo, kwa hiyo ikwangueni kwa mtaimbo na mchukue vipande hivyo pia.

Anayeanza hukimbilia kufunga mashine na kujaza mchanga wa juu kwa sababu ni laini kuchota. Huo kwa kawaida ni mtupu. Tumieni saa mbili za kwanza kuchukua sampuli: nusu ndoo kutoka sehemu tano, kila moja kutoka chini kabisa, mchekeche, muoshe kwenye karai, mhesabu chembe. Mashine ifungwe palipotoa nyingi.

Kupepeta

Udongo lazima uwe mkavu kabisa. Ufinyeni kwenye kiganja: ukishikana, haufai. Udongo wenye unyevu au mfinyanzi hufanya madonge yanayopita juu ya matuta ya mashine (vizuizi vinavyonasa dhahabu) na kuondoka na dhahabu ndani yake. Utandazeni juani juu ya turubai, mvunje madonge, mgeuze mara mbili tatu.

Mmoja achimbe na kuleta ndoo, mwingine asimame kwenye mashine, mbadilishane kila nusu saa. Mimineni taratibu kwenye chekeche la juu la milimita 12. Kabla ya kutupa mawe makubwa yatazameni, maana punje nene ya dhahabu huishia hapo. Kwenye matuta, mchanga uonekane unachemka kila mivukuto inapopuliza, na uteremke bila kusimama. Ukilala, ongezeni mteremko au upepo, ukiruka, punguzeni.

Jaribio la kuaminika ni hili: ponda bapa risasi ndogo 10 za kuvulia samaki, zipake rangi nyekundu, zichanganye kwenye ndoo ya kwanza. Mkifungua matuta mkakuta chini ya tisa, mashine inapoteza dhahabu. Safisheni matuta kila baada ya ndoo 10, au mapema zaidi mchanga mweusi (mzito, wenye chuma, unaobaki pamoja na dhahabu) ukiyajaza.

Mkiwa na ditekta (kifaa cha kutambua metali ardhini)

Kila mmoja akae mbali na mwenzake, mita 30 au zaidi, la sivyo mashine zinapigiana kelele. Sahani ya ditekta ipite sentimita mbili juu ya ardhi, polepole kuliko mnavyodhani inafaa. Mlio ukipatikana, chota udongo, ugawe nusu kwa nusu, upime kila nusu hadi ibaki chembe. Sumaku ikishika kitu, kitupeni mfukoni. Vyuma vya zamani vikiachwa chini vitampotezea muda anayefuata.

Kumalizia kwenye karai

Mchanga mweusi wa siku nzima utajaa labda nusu ndoo. Osheni juu ya beseni ili maji yarudi kutumika, na tieni tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kuwa dhahabu laini huelea juu ya maji yasiyo na sabuni na kumwagika. Mkishakausha, pitisheni sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ili ivute mchanga mweusi. Zebaki isitumike kamwe, hata tone. Ni sumu, na kwa kiasi hiki cha dhahabu haina kazi.

Kubalianeni asubuhi, kabla ya sepetu ya kwanza, kwamba vyote vinaingia kichupa kimoja na kugawanywa kwa mizani ya gramu 0.01. Punje kubwa ikishapatikana mazungumzo hayo huwa magumu.

Mashimo ya wachimbaji wa kale msiingie, hata hatua mbili: miamba huporomoka na hewa ya ndani inaweza kukosa oksijeni. Mashimo yenu yafukieni yote kabla jua halijazama. Kobe wa jangwani akitumbukia hatoki. Mkimkuta njiani msimnyanyue, kwani akiogopa hukojoa akiba yake ya maji, na kabla ya kuwasha gari chungulieni chini yake, maana hupenda kujificha kwenye kivuli hicho.