Kabla hujamwita mtoto mzito: jinsi ya kusoma ripoti ya kipimo cha uwezo wa akili

Wazazi na walimu wenzangu wa kundi hili, poleni na baridi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, alinijia nyumbani na bahasha ya kaki. Mwanawe ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Mdomoni ni redio, hadithi haziishi, lakini mpe kitabu, atang'ang'ana na mstari mmoja mpaka wenzake wafunge. Shangazi yake aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyelipia kipimo. Wakarudi na kurasa kumi na moja za Kiingereza, na katika zote hizo wazazi walishika namba moja, ile ya jumla (IQ): 96. Mama aliisoma kwa huzuni: "Mwalimu, mia haijafika, si kafeli huyu?" Baba aliisoma kwa furaha: tisini na sita kwa mia, kumbe mtoto ana akili nyingi, basi shida ni uvivu, na dawa ya uvivu iko juu ya kabati.

Wote wawili walipotea, kila mmoja na njia yake. Ndiyo maana nimeandika somo hili. Mama ameridhia, na mambo madogo madogo ya mtoto nimeyabadilisha. (Halafu tuache kusema mtoto "amepimwa akili". Mtaani ukitamka hivyo watu wanawaza Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.)

Hatua ya 1. Anza na ukurasa wa kwanza, jedwali lisubiri

Tafuta mambo manne: jina la kipimo, umri wa mtoto siku ile, tarehe, na lugha iliyotumika. Kinachotumika sana kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 ni WISC-V, toleo la tano la kipimo cha David Wechsler, lililotoka Marekani mwaka 2014. Wengine hutumia KABC-II, au Raven, ile ya michoro yenye kipande kilichokosekana.

Halafu jiulize: mtoto wangu amelinganishwa na nani? Alama za WISC-V zinatokana na watoto 2,200 wa Marekani. Mtoto wa Uyole amesimamishwa mstari mmoja na mtoto wa Chicago. Hilo halifanyi ripoti kuwa takataka, ila linakupa sababu ya kusoma taratibu. Kama maswali ya maneno yaliulizwa kwa Kiingereza na mtoto anasoma shule ya Kiswahili, alama ya uelewa wa maneno imepima Kiingereza chake, basi. Iweke pembeni. Huyu wetu alibahatika, mpimaji alimuuliza kwa Kiswahili na akaandika hivyo kwenye ripoti. Hata hapo kuna jambo la kukumbuka: swali likishatafsiriwa, ugumu wake hubadilika, na alama za kulinganishia zinabaki zile zile za Marekani.

Hapa nina mfano ninaoupenda. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti wa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Aliwaonyesha maumbo, akawataka wayaige. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Kwa waya, wa Lusaka waliwashinda wa Manchester. Kwa udongo walilingana. Nani asiyeelewa hilo hapa kwetu? Pita Mwanjelwa jioni uone magari ya waya yenye usukani unaokata kona. Aliyetengeneza lile gari pengine darasani anaambiwa hajui kuchora pembetatu.

Hatua ya 2. Jua namba zinasomwaje

Mia si alama ya juu, ni katikati. Katika kila watoto 100, takriban 68 wako kati ya 85 na 115. Walio chini ya 70 ni kama wawili, na walio juu ya 130 ni wawili pia. Hakuna alama ya kufaulu.

Pembeni utaona pasentaili. Hiyo si asilimia ya majibu sahihi. Alama 96 iko kwenye pasentaili ya 39: panga watoto mia wa umri wake kuanzia wa chini, yeye ni kama wa 39. Yuko katikati ya kundi, pamoja na watoto wengi tu.

Vipimo vidogo vidogo ndani ya ripoti vina namba zake, ambapo katikati ni 10. Ukiona 8 usishtuke.

Na kila alama ina mabano ya masafa, kwa mfano 90 hadi 102. Wengi huyaruka, wakati hayo ndiyo maneno ya ukweli ya mpimaji: "naamini mtoto yuko humu ndani". Mtoto mwenye 96 na mwenye 93 hawana tofauti ya kugombania.

Hatua ya 3. Funika namba kubwa kwa kidole, soma tano za chini yake

Chukua kilele cha Mlima Rungwe, mita 2,960 hivi, na ufuko wa Ziwa Nyasa pale Matema, kama mita 475. Tafuta wastani: mita 1,700 na kidogo, ambao ni urefu wa Mbeya mjini. Sasa mtu aliyelala Rungwe na kushinda Matema, umwambie avae nguo za Mbeya mjini? Usiku atatetemeka, mchana atatota jasho. Jumla ya IQ ndivyo inavyofanya pale alama zinapopishana sana.

Alama tano za mtoto wetu zilikuwa hivi:

Uelewa wa maneno (VCI): 106
Kuona maumbo na nafasi (VSI): 104
Kufikiri kwenye jambo jipya (FRI): 103
Kumbukumbu ya kazi (WMI): 79
Kasi ya kuchakata (PSI): 82

Tatu za kwanza ziko juu kidogo ya katikati. Mbili za mwisho zimeshuka bondeni: 79 ni pasentaili ya 8, 82 ni ya 12. Namba 96 haimo popote kati ya hizi tano.

Kumbukumbu ya kazi ni kushika jambo kichwani huku unalifanyia kazi. Mtume dukani kwa Mangi akalete chumvi, kiberiti na sukari nusu kilo. Anarudi na kiberiti na chenji. Hajadharau. Mkononi mwake pana nafasi ya vitu viwili, umempa vitatu. Sasa fikiria kusoma: mpaka afike kwenye "-ka" ya mwisho katika "wa-li-ku-sa-nyi-ka", "wa-li" imeshadondoka. Kuhesabu kichwani, hivyo hivyo.

Kasi ya kuchakata hupimwa kwa kazi rahisi za macho na penseli kwa dakika chache, huku saa ikihesabu. Si kipimo cha werevu. Darasani huonekana kwenye kunakili ubaoni: wenzake wako swali la sita, yeye la pili, ubao unafutwa. Daftari la yule mtoto lilijaa maswali nusu nusu na kalamu nyekundu ya mwalimu: "Mvivu. Jitahidi." Nilimsikitikia mtoto, na mwalimu pia, maana darasa lenye watoto tisini nalijua.

Tahadhari: kasi ya chini inaweza kuletwa na mengine kabisa. Macho, wasiwasi, kutozoea penseli, au basi la usiku kutoka Mbeya kwenda Dar na kupimwa asubuhi yake. Nilimuuliza mama. Walikuwa wamelala siku mbili kwanza. Sawa.

Hatua ya 4. Tafuta ushahidi nje ya ripoti

Kipimo hiki peke yake hakisemi kama mtoto ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao. Zamani wataalamu walitaka pengo kubwa kati ya IQ na kusoma ndipo wakubali. Mtindo huo umeachwa: mwongozo wa uchunguzi wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, hauudai. Kinachotakiwa ni kusoma kwenyewe, kuandika kwenyewe, kuhesabu kwenyewe, na historia ya mtoto.

Kabla ya yote, macho na masikio. Kama sikio limekuwa likitoa usaha mara kwa mara tangu utotoni, anza hapo kwanza, na alama zisubiri.

Kisha msomeshe kwa sauti. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia huenda akapatia maneno mengi, ila polepole mno. Mwalimu anayehesabu makosa tu hatamwona. Mpime kwa saa: dakika moja, maneno mangapi? Mlinganishe na wenzake watano wa darasa lile lile. Sikiliza hasa kwenye ng', ny, mb, nd, mw. Halafu msomee wewe kifungu hicho hicho na umuulize maswali. Akijibu vizuri akisomewa, akashindwa akisoma mwenyewe, umepata jambo kubwa kuliko kurasa zote kumi na moja.

Wetu alisoma maneno 14 kwa dakika. Aliposomewa, alijibu yote, akaongeza na mwisho wa hadithi aliotunga yeye.

Hatua ya 5. Geuza namba iwe kazi ya Jumatatu

Tulikubaliana na mwalimu wake: asinakili ubaoni, apewe maswali kwenye karatasi. Maagizo yatoke moja moja. Ajibu kwa mdomo pale inapowezekana. Silabi dakika kumi na tano kila siku, kwa kadi, kuanzia zile zinazomkwaza. Na asiitwe kusoma mbele ya darasa bila kujiandaa.

Maswali ya wanachama

*Mama wa wawili, Mafinga:* Kamwene mwalimu. Binti yangu amepata 68, na ripoti imesema uwezo mdogo sana. Je, ndiyo taahira?

Kamwene dada. Namba peke yake haitoshi kusema hivyo. Wataalamu wanaangalia pia maisha yake ya kila siku kulinganisha na umri: anaoga na kuvaa mwenyewe? Anatumwa akafika? Anacheza na wenzake wakaelewana? Pesa ndogo anaijua? Kama hayo yote anayamudu, mrudie mpimaji, na swali la kwanza liwe la lugha. Kama nayo yanamshinda, basi anahitaji msaada mpana zaidi, na mapema ni bora. Hilo neno liache kabisa, hata mkiwa jikoni.

*Mwalimu wa la pili, Tukuyu:* Shikamoo mwalimu. Sisi huku hivyo vipimo hatuna. Na nusu ya darasa wanaandika "lafiki", "kalamu nyekundu" inakuwa "karamu". Wote wana disleksia?

Marahaba mwanangu. Kinyakyusa hakina r, kwa hiyo r na l zinamchanganya mtoto aliyejifunza kuongea kwa bibi yake. Hiyo ni lugha ya nyumbani, wala usiihesabu. Kipimo chako ni ile dakika moja ya kusoma, na daftari la kuandikia tarehe. Wapime wote wa mkiani leo, wafundishe silabi wiki sita, wapime tena. Wengi watapanda. Asiyesogea baada ya kufundishwa vizuri ndiye wa kumtafutia msaada. Nchini humu, Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake walifanya jambo linalofanana na hilo, wakalichapisha mwaka 2002: watoto walipimwa, wakafundishwa kidogo namna ya kushughulikia maswali, wakapimwa tena, na alama zilipanda. Alama ya kwanza ilikuwa imewaficha.

*Baba wa Makambako:* Mkuu, tunasikia udumavu Iringa na Njombe. Mwanangu ni mfupi na shule inamshinda. Ndiyo sababu?

Kaka, ni kweli takwimu zetu ni za aibu kwa mikoa inayolisha nchi. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, Njombe kama asilimia 50, na taifa zima asilimia 30. Udumavu unagusa ubongo. Hata madini joto: nyanda zetu zilikuwa na tezi la shingo kwa wingi, ndiyo maana miaka ya 1980 na 1990 vidonge viligawiwa wilaya nyingi za huku, na upungufu wake kwa mjamzito humwathiri mtoto tumboni. Lakini takwimu ya mkoa haimsomi mtoto mmoja. Wafupi wenye kusoma vizuri wamejaa. Mpeleke kliniki wampime damu na minyoo, chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto, kisha hatua ya nne kama kawaida.

*Dada wa Vwawa:* Tukirudia kipimo mwezi ujao si atapanda?

Atapanda kwa sababu anakumbuka maswali. Subiri angalau mwaka, ikiwezekana miwili. Hela hiyo nunua vitabu vya hadithi.

*Mama wa wawili, Mafinga:* Ahsante mwalimu. Na yule baba wa Uyole, fimbo?

Nilimwomba anirudishie namba kinyumenyume. Tatu akapata, nne akapata. Nikampa sita. Akafumba macho, akaanza, akasimama, akasema, "Mwalimu, hebu rudia." Nikamwambia kwenye kipimo hairuhusiwi kurudia. Mtoto alikuwa mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini. Fimbo sijaiulizia tena, ila wiki iliyopita baba mwenyewe ndiye aliyekuja kuchukua kadi za silabi.