Kabla ya kuweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wa mtaani kwetu Kadutu wananiletea laptopu zao niwawekee Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nafurahi sana, kwa sababu mashine nyingi zinazofika hapa Bukavu zimeshatumika Ulaya, Windows 11 inazikataa, ilhali bado zina nguvu za kufanya kazi miaka. Ila kabla sijagusa kitu, nauliza: picha zako na maandishi yako yako wapi pengine, nje ya mashine hii?

Swali hilo limetokana na kosa langu. Mdogo wangu aliniachia mashine yenye TFC yake, yaani kazi yake ya kumaliza masomo, wiki mbili kabla ya kuiwasilisha. Nilitaka Windows ibaki na Linux ikae kando yake, basi nikaanza kuipunguza sehemu ya Windows ili nipate nafasi. Betri ilikuwa imekufa, mashine inategemea waya tu. Kazi ikiwa nusu, umeme ukakatika. Uliporudi saa nne usiku, Windows haikuwaka tena. Tuliokoa sura mbili alizokuwa amemtumia mwalimu wake kwa barua pepe. Ya tatu aliiandika upya, mimi nikimsomea kutoka kwenye karatasi za rasimu, hadi alfajiri.

Kwa hiyo nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ufungue faili kadhaa kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua kwingine usiihesabu. Betri nayo ijaribu: chomoa waya, washa video, uone kama inafika saa nzima. Isipofika, fanyia kazi hiyo kwa jirani mwenye sola na betri zake.

Kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, kufuli lake la siri, andika ufunguo wake wa kurejesha kwenye daftari kwanza. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Na kama unataka mifumo miwili, zima ule uwashaji wa haraka (Fast Startup) wa Windows. Ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu yake ya diski.

Linux ina aina nyingi: faili ya Linux Mint ni karibu GB 3, ya Ubuntu 24.04 karibu GB 6. Kwa bei ya mega, mimi humshauri anayeanza achukue Mint, na kama RAM ni GB 4 au chini, achukue toleo lake jepesi, la Xfce. Upakuaji ukikatikakatika, linganisha alama ya SHA256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili) na ile iliyo kwenye tovuti yao. Herufi moja ikitofautiana, faili imeharibika. Faili hiyo huandikwa kwenye flashi ili mashine iwake nayo. Ya GB 8 inatosha, lakini vilivyomo vyote vitafutwa.

Sasa usikimbilie kuisakinisha. Mint inawaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski. Kaa nayo jioni nzima: sikiliza sauti, fungua kamera, funika laptopu uifunue, chapisha karatasi moja. Wi-Fi ndiyo inayosumbua zaidi, hasa zile kadi za kampuni ya Broadcom, kwa hiyo weka karibu simu na waya wake wa USB ili uchukue intaneti kutoka huko.

Kuna jambo dogo linaloliza watu wengi hapa kwetu: kibodi. Zetu ni AZERTY, za mpangilio wa Kifaransa, na usipoiambia programu ya kusakinisha, itadhani ni QWERTY, ya Kiingereza. Utaandika neno la siri «amani», yenyewe itahifadhi «q;qni», na wewe kwenye skrini unaona nukta tu. Siku mpangilio ukirekebishwa, neno lako linakataliwa. Angalia pia kama mashine ilitoka Ufaransa au Ubelgiji. Ya Ufaransa ina @ kwenye kitufe cha 0, ya Ubelgiji kwenye kitufe cha 2. Chagua mpangilio wake, kisha uandike neno lako mahali panapoonekana kabla ya kuliweka.

Mwenye duka anayetumia programu ya hesabu ya Windows tu asihame kabla ya kupata nyingine. LibreOffice inafungua faili za Word vizuri, ila kurasa huweza kusogea. Kazi ya kupeleka kuchapishwa mjini ihifadhi kama PDF.

Na kama una pesa kidogo, nunua SSD ndogo, ile diski ya kisasa yenye kasi, toa diski ya zamani, weka Linux kwenye mpya. Ya zamani iviringe kwenye kitambaa, uandike tarehe, uiweke kabatini. Linux ikikushinda, bisibisi na dakika kumi vinatosha kuirudisha Windows yako kama ulivyoiacha. Mashine ya mdogo wangu, safari ya pili, tuliifanyia hivyo.