Mtoto wako ana ulemavu na mko Lamu? Anza hivi

Kila baada ya siku chache napigiwa simu na mama, saa nyingine ni nyanya, ananiuliza mwanangu amefika miaka sita hatembei, haongei vizuri, sasa nianzie wapi. Basi nimeona niandike hapa yote niliyoyapitia mwenyewe ili mtu asome polepole na ampelekee mwenzake.

Kijana wangu ana mtindio wa ubongo. Sasa ana miaka 11 na yuko darasani, lakini miaka minne ya mwanzo aliishi chumba cha ndani hapa Langoni, mgeni akibisha hodi namhamisha upesi ndio namkaribisha. Nasema wazi kwa sababu najua hivi sasa kuna nyumba kwenye huu mji mtoto anahamishwa chumba vilevile.

Kwa hiyo kabla ya karatasi yoyote, mtoe nje. Nyumba zetu zina daka, ile sehemu ya kukaa mlangoni, mkalishe pale baada ya alasiri watu wakipita, mwekee mito ubavuni akae wima, na wewe kaa naye. Siku za kwanza watamkodolea macho, alafu watauliza, alafu watoto wa mtaa wataanza kumwita kwa jina lake, na ukishafika hapo umefika mbali sana. Ukiulizwa ana nini jibu kwa jina la hali yake: mtindio wa ubongo, usonji, kifafa, haoni, hasikii. Usikubali aitwe bubu au zezeta wala usicheke kwa kuona haya, mwambie mtu taratibu, anaitwa fulani. Na ujue kumficha sio aibu ya nyumbani tu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu ile ya 2003 ilikataza mzazi au jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu akakosa huduma zake.

Sasa karatasi. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa, wengi hawana kwa sababu mtoto alizaliwa nyumbani na mkunga, na alipoonekana ana shida watu wakaona hakuna haja ya kumwandikisha. Haja ipo kubwa. Kama alizaliwa nyumbani nenda kwa naibu chifu akuandikie notisi ya kuzaliwa, kama ni hospitali notisi inatoka huko. Ikishapita miezi sita wanahesabu umechelewa na wanataka karatasi zaidi, lakini bado unaandikishwa, usivunjike moyo. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu azaliwe, na elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kila mtoto, haikusema anayetembea.

Ya pili ni tathmini ya hospitali ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Kadi ndio inafungua mlango wa kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu, na bila kadi utaulizwa kadi kila ofisi. Usiende tu hospitali ya serikali ukakaa foleni, piga simu au tuma mtu aulize siku gani timu ya tathmini inakaa, maana sio kila siku. Usajili siku hizi unafanyika mtandaoni, kama huna simu nzuri nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, wakujazie. Nunua faili ya plastiki, weka kila karatasi na fotokopi mbili mbili. Yangu ilinyeshewa na maji ya chumvi ndani ya boti nikaanza upya, kwa hivyo faili iingie ndani ya mfuko wa nailoni.

Na hapo kwa boti nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa bara wakituandikia maelekezo hawajui kwamba sisi shida yetu inaanza gatini. Angalia maji kabla hujaangalia saa. Maji yakijaa, boti inakaribia kuwa sawa na gati na mtoto anapita mkono kwa mkono, lakini maji yakitoka unashuka ngazi nyingi zenye utelezi na mtoto mzito kifuani, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, ndio mbaya zaidi. Kwa hivyo ukipewa miadi ya kuvuka Mokowe, gati la ng'ambo bara, uliza kama unaweza kwenda saa ambayo maji yako juu. Mtu mmoja aingie kwanza, akae kitako kabisa, ndio apokee mtoto, kiti kije baadaye peke yake kikiwa kimekunjwa. Mtoto avae jaketi la kuokolea lake mwenyewe la saizi yake, na usimfunge kwenye kiti ndani ya boti hata kama nahodha anasema ni salama zaidi. Boti ikipinduka kiti kitazama naye.

Kiti chenyewe usikubali cha mtu mzima kwa sababu ni cha bure. Mtoto akikaa kwenye kiti kipana anaanguka upande, mgongo unapinda, na makalio yanafanya vidonda. Apimwe upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu toka goti hadi kisigino. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, wanatengeneza viti, na Pwani wako Mombasa, ni mbali najua, lakini ukienda na vipimo hupotezi safari. Vichochoro vyetu vina mitaro na vizingiti, magurudumu madogo ya mbele yanakwama, mimi nilikuwa nasukuma kwa nguvu na mtoto anataka kuruka mbele. Fundisha kila mtu anayemsukuma, hata wale vijana wa barazani: kanyaga nyuma, inua mbele, panda. Ukishuka kizingiti geuza, shuka kinyumenyume magurudumu makubwa yatangulie.

Haya, shule. Usimpeleke moja kwa moja, pitia kwanza kituo cha tathmini ya elimu, wenyewe wanakiita EARC, vilianzishwa Kenya tangu 1984 na ofisi ya elimu itakuelekeza. Watamwangalia anasikia vipi, anaona vipi, anaelewa nini, na watakuandikia ripoti inayosema anafaa darasa la kawaida, yuniti, yaani darasa maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. Kama hukubaliani nao uliza sababu, wewe ndio unamjua, waambie anachoweza sio asichoweza tu. Mimi nilichukua video fupi kwa simu kijana wangu akichagua rangi za shanga na kuzipanga, maana mbele ya wageni anagoma.

Mwalimu mmoja aliniambia mama, hapa hatuna mtu wa kumshughulikia, mrudishe mpaka ajue kwenda choo. Nikarudi nyumbani nikalia, mwaka mzima ukapotea. Leo ningefanya hivi na wewe ufanye hivi: usigombane, sema kwa adabu, mwalimu naomba hilo uniandikie kwa maandishi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto kwa ajili ya ulemavu anapotafuta nafasi, na kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kusoma katika shule zinazojumuisha watoto wenye ulemavu. Mara nyingi ukiomba maandishi tu mambo yanalegea. Yasipolegea, chukua ripoti ya EARC uende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, andika tarehe na cheo cha kila uliyeongea naye.

Akishaingia kazi haijaisha. Ingia darasani uone. Je, anakaa mbele au amewekwa kona peke yake? Mlango una ngazi? Choo anakifikia? Choo ndio kinatoa watoto wengi shule kuliko hesabu. Ongea na wazazi wengine, mbao mbili, mchanga na simenti vinatengeneza njia ya kupandia na mafundi wetu wanajua kazi. Mtafutie rafiki mmoja, mmoja tu anatosha, wa kumbebea mkoba. Kama hasikii, familia nzima jifunzeni lugha ya ishara, sio yeye peke yake, mtoto anayerudi nyumbani ambako hakuna anayemwelewa yuko peke yake hata kama nyumba imejaa watu. Na madrasa usisahau, ongea na ustadh mapema, wetu alihamisha darasa likaja chini kwa sababu ya mtoto mmoja.

Jambo gumu sasa. Watoto hawa wanadhulumiwa kingono kwa sababu mtu anafikiri hatasema au hataaminiwa. Mfundishe majina ya viungo vyake, na kama haongei mfundishe ishara ya hapana. Anayemwogesha ajulikane, asiwe kila anayepita. Likitokea la kutokea, usimwoshe, usifue nguo zake, mkimbize hospitali ndani ya saa 72 maana kuna dawa za kuzuia maambukizi ambazo zikipita hapo hazisaidii, alafu polisi mpate fomu ya P3, ile daktari anaandika majeraha, ni bure. Piga 116, simu ya msaada wa watoto, ni bure pia, usiku na mchana. Wazee wakija kusema tuyamalize nyumbani, kataa, hata kama ni shemeji, hata kama ni mtu wa heshima. Nimeona mtoto ambaye kesi yake ilimalizwa nyumbani hivyo na mtu yuleyule bado anapita mlangoni kwao.

Walio Faza, Siyu na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, msijaribu kwenda hospitali na ofisi ya elimu siku moja mkarudi, mtoto anachoka na boti ya mwisho haingoji. Laleni kwa jamaa hapa mjini, mje na dawa zake za siku tatu, godoro dogo na uji wake, na kama humjui mtu hapa niandikie niulize wamama wenzangu nani ana chumba cha chini.