Daftari la majeruhi: namna ya kuandika yaliyotokea kabla ya geti la hospitali

Usiku mmoja waliniletea kijana kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na kaka yake. Mguu wa kulia ulikuwa umechanika chini ya goti. Juu ya goti palifungwa kanga, na juu ya kanga pamekazwa mpira wa baiskeli, ule tunaofungia mizigo kwenye keria. Kanga ililoa chepechepe lakini damu ilikuwa imesimama. Nikamuuliza kaka mtu: mmemfunga saa ngapi? Hakujua, yeye walimpitia njiani. Aliyejua ni dereva, na dereva alikwishageuza pikipiki na kuondoka.

Kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), rejista ya wagonjwa wa nje, nikaandika kama tulivyozoea: ajali ya pikipiki, jeraha la mguu, rufaa. Aliyefunga ile kanga ndiye aliyemwokoa yule kijana, na hayumo popote kwenye kumbukumbu zetu. Tangu siku hiyo nina daftari la pili.

Mwongozo huu nawaandikia maafisa tabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Tabora, wa Uyui, Sikonge, Kaliua na kwingineko ambako majeruhi hufika baada ya safari ndefu ya vumbi. Huhitaji kompyuta. Unahitaji daftari la kaunta, karatasi, kalamu iliyofungwa kwa kamba mezani ili isipotee, na saa ya ukutani inayokwenda sawa.

Kwa nini tujifunze kwa wanajeshi

Madaktari wa jeshi la Marekani walipitia vifo 4,596 vya vitani vya miaka 2001 hadi 2011. Asilimia 87 walikufa kabla ya kufikishwa kwenye kituo cha tiba. Katika hao, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo mtu angeweza kupona, na kwa asilimia 91 ya robo hiyo kilichowaua ni kuvuja damu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Waliweza kuyasema kwa sababu kila aliyekufa alihesabiwa, hata yule ambaye hakumwona daktari.

Kikosi cha 75 cha Ranger cha jeshi hilo hilo kilikwenda mbele zaidi. Kila askari alifundishwa kuzuia damu, na huduma aliyopewa majeruhi pale pale alipoangukia iliandikwa kwenye kadi na kuingizwa kwenye rejista. Daktari Russ Kotwal na wenzake walipochapisha hesabu mwaka 2011, kati ya majeruhi 419 hakuna aliyekufa kabla ya hospitali kwa jambo ambalo lingeweza kuzuilika pale.

Sisi hatuna helikopta. Kuandika tunaweza.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Usianze na "hali ya majeruhi Tabora". Anza na swali ambalo wewe na mwenzako wa zamu mnaweza kulijibu kwa miezi mitatu. Mimi nilianza na hili: kutoka kuumia hadi kuguswa na mhudumu wa afya, inapita muda gani, na katika muda huo nani alifanya nini? Kama eneo lako ni la warina asali na msimu wa maembe huleta watoto walioanguka mitini, uliza kuhusu kuanguka peke yake.

Hatua ya 2: Ruhusa

Ongea na mganga mfawidhi, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukiandika kwa ajili ya kuboresha huduma ya kituo chako, baraka zao ndiyo mwanzo. Ukitaka kuchapisha, tafuta kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kabla hujaandika mgonjwa wa kwanza, kwa maana kibali hakirudi nyuma kufunika data uliyokwisha kusanya. Jina la mgonjwa lisikae kwenye kadi utakayomjazia (Hatua ya 3). Weka namba, na orodha ya namba na majina ifungiwe kabatini.

Na hili nalisisitiza: kadi haimcheleweshi mtu. Damu kwanza, hewa kwanza. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, itafuata, kadi itafuata. Nimeona ndugu wakizungushwa kutafuta fomu huku mgonjwa analala kwenye benchi, na sitaki daftari letu liwe geti jingine.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi ya upande mmoja

Ikizidi upande mmoja haitajazwa saa nane usiku. Kadi yangu ina mchoro wa mwili, mbele na nyuma, wa kuwekea alama ya jeraha. Halafu: umri, jinsia, kijiji ilipotokea ajali, aliumiaje, saa ya kuumia, saa ya kufika, alikuja na chombo gani, nani alimhudumia wa kwanza, alimfanyia nini. Chini kabisa: aliondokaje, yaani kwa miguu yake, kwa rufaa, au amefariki.

Safu ya "alimfanyia nini" ndiyo roho ya kadi. Usiandike "huduma ya kwanza". Andika kilichoonekana: alikandamizwa jeraha kwa shati, alifungwa kanga juu ya goti, alipakwa mafuta ya taa, alimwagiwa maji usoni, alipewa maji ya kunywa, alibebwa mgongoni, hakuguswa. Kama kuna tonikwiti, yaani mkanda uliokazwa juu ya jeraha kuzuia damu, iwe ya dukani au ya mpira wa baiskeli, andika saa ilipofungwa. Utafiti wa hospitali ya kijeshi ya Baghdad, wa John Kragh na wenzake, ulionyesha kwamba waliofungwa kabla hawajaingia kwenye mshtuko wa kupoteza damu asilimia 90 waliishi, na waliofungwa baada ya kuingia waliishi asilimia 10 tu. Kwa hiyo kumbuka kuuliza pia alikuwaje wakati anafungwa: anaongea, au ameshalegea?

Hatua ya 4: Pata saa ya kweli

Hapa ndipo data nyingi huharibika.

Kwanza, saa zetu. Ndugu akisema "saa mbili", muuguzi mmoja ataandika 2, mwingine 20:00, wa tatu 02:00. Kanuni yangu: andika alivyosema, na neno la wakati mbele yake, "saa 2 usiku". Kugeuza kwenda saa 24 kufanywe asubuhi, na mtu mmoja, kwa kalamu ya rangi nyingine. Usigeuze kichwani wakati mgonjwa analia.

Pili, watu wengi hawakuangalia saa. Usiwalazimishe kubuni. Uliza jambo: azana ya magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa? Ng'ombe walikuwa wamerudi zizini? Dawa ambayo imenisaidia kuliko zote ni simu. Baada ya ajali mtu hupiga simu kwa ndugu. Omba kwa adabu, "Naomba tuangalie ulimpigia saa ngapi," na hapo kuna dakika kamili imeandikwa na simu yenyewe. Weka alama kwenye kadi: S kwa saa ya simu, K kwa kukadiria.

Saa hii si ya utafiti peke yake. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, lilionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ukaonyesha inasaidia zaidi ikitolewa mapema, na baada ya saa tatu tangu kuumia inaweza kudhuru. Usipojua aliumia saa ngapi, hata dawa iliyomo kabatini hujui kama umpe.

Hatua ya 5: Pima hali yake anapofika

Tumia Alama ya Kampala, iliyotengenezwa Uganda na Olive Kobusingye na mwenzake Lett kwa ajili ya hospitali kama zetu. Inahitaji vitu vitano: umri, namba ya juu ya presha, upumuaji kwa dakika, fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Jumla ni 5 hadi 16. Kuanzia 14 ni jepesi, 11 hadi 13 ni la kati, 10 kushuka ni hatari. Ibandike ukutani.

Hatua ya 6: Watafute waliofia njiani

Ukihesabu waliofika tu, daftari litakudanganya. Kijiji cha mbali kitaonekana kina majeruhi wenye hali nzuri kuliko cha jirani, na utadhani umbali hauna madhara. Walioumia vibaya hawakufika kwako. Walizikwa.

Mara moja kwa mwezi pita kwa mtendaji wa kijiji, kituo cha polisi, na chumba cha maiti kama kipo. Uliza vifo vya ajali, panga, kuanguka na kuzama. Ukienda msibani usitoe karatasi. Kaa, toa pole, rudi baada ya arobaini kama familia imeridhia. Wengi watakueleza kila kitu, dakika kwa dakika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hatua ya 7: Hesabu

Panga dakika kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati. Tuseme una saba: 25, 40, 50, 70, 95, 180, 900. Wastani ni dakika 194, na sita kati ya saba wako chini yake. Ya katikati ni 70. Yule wa 900 usimfute. Rudi kwenye kadi yake usome kwa nini, maana mara nyingi yeye ndiye anayekuonyesha mto usio na daraja. Hesabu waliokisiwa mbali na wa saa ya simu.

Hatua ya 8: Peleka majibu kijiweni

Kaskazini mwa Iraki na Kambodia, daktari Hans Husum na wenzake walifundisha wanavijiji kuhudumia majeruhi mahali ambapo safari ya hospitali ilichukua masaa. Kwa majeruhi 1,061 wa miaka 1997 hadi 2001, vifo vilishuka kutoka asilimia 40 hadi 14.9. Kwa hiyo usiishie kupeleka ripoti wilayani.

Nenda kwa bodaboda wakati hakuna abiria. Wasomee bila majina ya watu: mwezi huu wangapi, wangapi walifungwa, wangapi hawakuguswa. Waonyeshe kukandamiza kwa nguvu na mikono miwili bila kuchungulia kila mara. Halafu waombe jambo moja: ukimshusha majeruhi, usigeuze pikipiki kabla hujatutajia saa.

Kijiweni kwetu wameshika. Wiki iliyopita dereva aliingia na mama aliyekatwa na shoka, mkono umefungwa kwa kitenge, na kabla sijauliza akasema, "Saa kumi na dakika ishirini, daktari, nimefunga mimi."