Somo: Asembli fupi au asembli inayosomeka? Tupime kwa baiti

Kuna ugonjwa nauona sana kwa wanaoanza asembli, lugha ya amri za prosesa zenyewe. Lebo (jina la mahali kwenye kodi) inaitwa `a`, nyingine `b`, maelezo hakuna hata mstari mmoja, halafu mtu anajisifu kuwa programu yake ni fupi. Fupi kwa nani? Majina na maelezo hayafiki kwa prosesa. Uite `a` au `andika_herufi`, baiti ni zilezile.

Tuchukue sekta ya kuwashia kompyuta ya x86, maana huko ubahili una sababu: BIOS, programu ya kwanza kabisa kompyuta ikiwashwa, inapakia baiti 512 tu, mbili za mwisho ni alama 55 AA, unabaki na 510. Tunatumia NASM, programu inayogeuza asembli kuwa baiti.

Hatua ya 1. Andika kwanza kwa lugha ya wazi. Hii ni sehemu tu ya programu, ile inayoandika ujumbe kwenye skrini.

```
ONYESHA_HERUFI equ 0x0E

        mov si, ujumbe
andika: mov al, [si]
        inc si
        cmp al, 0    ; Mwisho wa ujumbe?
        je  tayari
        mov ah, ONYESHA_HERUFI
        int 0x10
        jmp andika
tayari: jmp tayari
```

Hatua ya 2. Pima.

`nasm -f bin buti.asm -o buti.bin -l buti.lst`

Usiangalie ukubwa wa `buti.bin`. Ukishajaza nafasi iliyobaki kwa `times` (agizo la NASM la kurudia baiti), itakuwa 512 siku zote. Fungua `buti.lst`: kila amri ina baiti zake pembeni.

Hatua ya 3. Kata panapolipa tu.

`mov ax, 0` inakula baiti 3, `xor ax, ax` inakula 2. Sawa, hiyo chukua. `mov al, [si]` pamoja na `inc si` ni baiti 3, na `lodsb` inafanya kazi hiyo kwa baiti 1. Ila `lodsb` inafuata bendera ya mwelekeo (biti ya prosesa inayosema `si` isonge mbele au irudi nyuma), kwa hiyo mwanzoni unahitaji `cld` ya kuielekeza mbele, baiti 1 nyingine. Ukiitumia mahali pamoja tu, faida yako ni baiti moja.

Sasa ile `or al, al` ambayo watu wanainakili kila mahali badala ya `cmp al, 0`. Zote mbili ni baiti 2! Umemtesa msomaji bure.

Hatua ya 4. Ukitumia ujanja, andika madhara yake.

```
xor ax, ax   ; ax = 0; inabadili bendera
```

Hilo limenikesha. Niliweka `xor` kati ya `cmp` na `je`, nikitaka kuokoa baiti moja. `xor` ya namna hiyo inawasha bendera ya sifuri, ile ambayo `je` inaitazama, kwa hiyo `je` ikawa inaruka kila mara. `mov` haigusi bendera.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikitumia makro ili isomeke vizuri, ukubwa hauongezeki?*

Unaongezeka, ndugu. `equ` ni bure, maana inaipa namba jina tu, lakini makro (jina linalosimama badala ya kundi la amri) inanakiliwa kila unapoiita. Makro ya baiti 10 ukiiita mara 5 ni baiti 50. Ifanye rutini, yaani kodi inayokaa mahali pamoja na kuitwa kwa `call`: 10, `ret` 1, na `call` tano za baiti 3 kila moja, jumla 26. Na bado inasomeka.

*Kwa hiyo kodi fupi ndiyo yenye kasi?*

Si lazima. `loop` ni baiti 2, wakati `dec cx` na `jnz` kwa pamoja ni 3, lakini kwenye prosesa nyingi za Intel `loop` ndiyo inayojikokota.

*Mimi natumia biti 64. Naona watu wanaandika `xor eax, eax` wakati wanataka kufuta `rax`. Si wanaacha nusu ya juu?*

Hawaiachi. Kwenye biti 64, ukiandika kwenye rejista ya biti 32, nusu ya juu inafutwa yenyewe. Ni swali zuri, na ndiyo sababu mstari huo ukiuandika mwekee maelezo: `; rax yote = 0`.